Rovu, Chumvi na Moyo Uendao Mbio katika Bonde la Kilombero

Ugonjwa wa Graves huanzia kwenye kinga ya mwili. Kingamwili, ambazo kazi yake ni kuwinda vijidudu, hukosea njia zikajibandika kwenye tezi ya thairoidi, ile iliyolala mbele ya shingo chini kidogo ya zoloto. Kwa kawaida tezi hiyo hufanya kazi kwa amri. Tezi nyingine ndogo chini ya ubongo hutoa homoni iitwayo TSH, nayo thairoidi hutoa homoni zake kwa kiasi kilichoagizwa. Kingamwili za Graves huigiza amri hiyo. Homoni zikizidi, ubongo huacha kuagiza, lakini tezi haina habari. Inasukumwa usiku na mchana. Mwili wote huenda kama mashine ya kukoboa mpunga iliyoachwa bila mtu wa kuipunguza kasi. Moyo unadunda hata mtu akiwa amekaa, jasho linatoka hata penye upepo, chakula kinaliwa sana na mwili unakonda, mikono inatetemeka, usingizi unapotea, hedhi inavurugika. Kwa wengine shingo inavimba na macho yanatokeza mpaka kope hazifungi vizuri. Wanawake huugua mara kadhaa zaidi ya wanaume, hasa wa umri kati ya miaka 20 na 50.

Katika Bonde la Kilombero historia ya ugonjwa huu haiwezi kusimuliwa peke yake, kwa sababu kwa muda mrefu ulijificha nyuma ya ugonjwa mwingine wa tezi hiyo hiyo. Uvimbe wa shingo Waswahili wanaufahamu zamani. Kamusi zinauita rovu, watu wengi husema tezi la shingo, na hospitalini huitwa goita. Rovu la kawaida hutokana na upungufu wa iodini, ambayo Watanzania wameizoea kwa jina la madini joto. Tezi isiyopata madini hayo hujitanua ili inase hata chembe chache zinazopita kwenye damu. Mwenye rovu la namna hiyo mara nyingi moyo wake hauna shida. Ana uvimbe tu, na pengine mwili wake ni mzito na wa baridi. Mgonjwa wa Graves naye anaweza kuwa na uvimbe mdogo usiotazamwa na mtu, huku moyo ukimwenda mbio. Mambo haya mawili hukaa kwenye shingo moja lakini yanapingana, na aliyeyachanganya alimtibu mgonjwa kwa dawa ya kumzidishia maradhi.

Madaktari wa Ulaya waliufahamu ugonjwa huu kwa kuuona kabla ya kuuelewa. Caleb Parry, tabibu wa mji wa Bath nchini Uingereza, aliwaandika wagonjwa wake wenye mioyo ya kasi na shingo zilizovimba, ila maandishi yake yalichapishwa 1825, miaka 3 baada ya kifo chake. Robert Graves wa Dublin alitoa maelezo yake 1835. Mwaka 1840 Karl von Basedow, daktari wa mji mdogo wa Merseburg nchini Ujerumani, alizitaja pamoja dalili 3 zilizobaki vitabuni mpaka leo: rovu, macho kutokeza na moyo kwenda mbio. Waingereza wakauita ugonjwa kwa jina la Graves, Wajerumani na majirani zao kwa jina la Basedow. Kwa Kilombero tofauti hiyo ni zaidi ya ubishi wa majina. Utabibu wa kizungu ulioshika mizizi Ifakara, mji wa bondeni humo, uliletwa na watu wa kusini mwa Ulaya ya Kati wasemao Kijerumani, na katika lugha yao ugonjwa ni wa Basedow, ingawa waliotawala Tanganyika wakati huo walikuwa Waingereza.

Watu hao walitoka Uswisi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wabenediktini wa Kijerumani waliondolewa Tanganyika, na mwaka 1921 Wakapuchini wa Uswisi walikabidhiwa misheni zao za Dar es Salaam na za upande wa Mahenge. Masista wa Baldegg, pia kutoka Uswisi, walifika mwaka huo huo, na baadaye wakawa wauguzi waliozoeleka sana Ifakara. Uswisi ya wakati huo ilikuwa nchi ya marovu. Katika mabonde ya milima ya Alpi ilikuwa jambo la kawaida kuona watu wazima wenye shingo zilizojaa, na watoto waliozaliwa na akili na kimo kilichodumaa kwa sababu mama zao walikosa iodini wakati wa ujauzito. Vijana waliopimwa kwa ajili ya jeshi walikataliwa kwa wingi kwa sababu ya shingo zao. Padri au sista aliyepanda meli kuja Afrika Mashariki hakuhitaji kufundishwa rovu ni nini.

Nchi hiyo pia ndiyo iliyokuwa imepiga hatua ndefu zaidi katika kulitibu. Iodini iligunduliwa Ufaransa 1811, na mwaka 1820 daktari Jean-François Coindet wa Geneva akaanza kuwapa wenye rovu. Uvimbe ulinywea, sifa zake zikavuma, kisha yakaja malalamiko: baadhi ya waliotumia dawa walikonda ghafla, wakatetemeka, mioyo yao ikaenda mbio. Hofu hiyo haikuisha kwa miaka 100. Upande wa kisu, Theodor Kocher wa Bern aliichukua operesheni ya rovu, ambayo kabla yake wagonjwa wengi walikufa mezani au muda mfupi baadaye kwa damu na usaha, akaifanya kwa utulivu na usafi mkubwa kiasi kwamba vifo vilishuka chini ya 1 katika 100. Alifanya operesheni hizo kwa maelfu na kupewa Tuzo ya Nobel 1909. Yeye mwenyewe pia alilikiri kosa lake. Mwaka 1883 alieleza kwamba wagonjwa aliowaondolea tezi yote walirudi wakiwa wazito, wazubavu na wenye uso uliovimba, na tangu hapo madaktari wakajifunza kubakiza kipande. Kisha ikaja chumvi. Daktari Otto Bayard alijaribu 1918 kuchanganya iodini kidogo sana kwenye chumvi ya vijiji vya mlimani vya Wallis. Hans Eggenberger akaendeleza kazi hiyo Appenzell, na 1922 chumvi yenye iodini ikaanza kuuzwa rasmi. Kwa hiyo Wakapuchini walishuka pwani ya Tanganyika mwaka mmoja tu kabla ya nchi yao kuanza kulimaliza rovu kwa kijiko cha chumvi. Tanzania nayo ingefika hapo, lakini baada ya zaidi ya miaka 70.

Bonde ambalo Wakapuchini walilikuta ni tambarare kubwa ya mpunga na maji. Ifakara iko chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari, na upande wa kaskazini magharibi Milima ya Udzungwa inapanda zaidi ya mita 2,500. Wandamba, Wambunga, Wabena wa bondeni na Wapogoro wa upande wa Mahenge waliishi kwa mpunga, mahindi na samaki wa mto. Hapa kuna jambo ambalo mgeni hulikosea kwa urahisi: anaona samaki wengi, anadhani madini joto ni mengi. Iodini nyingi duniani iko baharini, na samaki wa baharini wanayo. Kambale na perege wa maji baridi wana kiasi kidogo tu. Mvua huiosha iodini kutoka kwenye udongo wa milima, na mafuriko yanaendelea kuisukuma kuelekea bahari ilikotoka. Chumvi ya zamani nayo haikuwa ya kutegemewa kwa jambo hili. Sehemu nyingi za bara watu walichuja majivu ya nyasi na matete wakapata chumvi chungu ya kupikia, na chumvi bora ilisafirishwa kutoka mbali: Uvinza upande wa magharibi, ambako chemchemi zake zimechemshwa kwa zaidi ya miaka 1,000, Ivuna karibu na Ziwa Rukwa, na mashamba ya chumvi ya pwani. Hata ya baharini, ikishakauka juani, hubaki na iodini kidogo mno.

Bondeni humo kuna Kibaoni, ambayo jina lake lenyewe ni la barabarani, mahali palipotambuliwa kwa kibao. Msafiri anayetoka Mikumi kupitia Kidatu hupafikia kabla ya kuingia Ifakara mjini. Kwa miaka mingi barabara hiyo ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika, na mgonjwa wa vijiji vya ndani alibebwa kwa mtumbwi, kwa baiskeli au kwa machela. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilipita bondeni kuelekea Mlimba na kupanda nyanda za juu mpaka Makambako. Mbali na mizigo ilileta watu, wakiwamo wa nyanda za juu kusini, eneo ambalo rovu lilikuwa limeenea kuliko sehemu nyingine nyingi za nchi.

Huduma ya Ifakara ilianza kwa zahanati ya misheni, ikakua kuwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Daktari Karl Schöpf alifanya kazi hapo kwa miaka mingi katikati ya karne ya 20. Mwaka 1949 Rudolf Geigy, mwanzilishi wa Taasisi ya Tropiki ya Uswisi mjini Basel, alifika Ifakara. 1957 maabara ya taasisi hiyo ikafunguliwa, na 1961 kikaanzishwa kituo cha kuwafundisha wasaidizi wa tiba wa vijijini kwa fedha zilizotolewa na makampuni ya dawa ya Basel. Maabara ya Geigy ndiyo iliyozaa Taasisi ya Afya ya Ifakara ya leo. Ukisoma orodha ya kazi zao, unakuta papasi na homa yake, mbung'o na malale, kichocho, ukoma wa kituo cha Nazareti na, juu ya yote, malaria. Thairoidi haikuwa na nafasi mbele, na hakuna wa kulaumiwa. Mahali ambapo watoto wanakufa kwa homa kila masika, mwanamke wa miaka 30 anayelalamika kwamba moyo unamwenda mbio atasubiri.

Kulikuwa pia na fikra iliyomfanya asubiri zaidi. Madaktari wengi wa Afrika Mashariki wa enzi ya ukoloni waliamini kwamba ugonjwa wa Graves ni adimu kwa Waafrika. Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya na Uganda tangu 1929 hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, alikusanya magonjwa aliyoyaona kwa nadra hospitalini, akayahusisha na maisha ya Kizungu: vyakula vilivyokobolewa, mji, haraka. Thairoidi iliyozidi kasi ilikuwamo katika orodha ya aina hiyo aliyoichapisha pamoja na Denis Burkitt 1981. Maelezo mengine yalitoka Ibadan, Nigeria. Brian Greenwood aliandika 1968 kwamba magonjwa ya kinga kujishambulia yalionekana kidogo mahali penye malaria na minyoo, na miaka 2 baadaye yeye na wenzake wakaonyesha kwamba panya wenye tabia ya kupata magonjwa hayo walikingwa walipoambukizwa vimelea vya malaria vya panya. Kwa bonde la malaria kama Kilombero wazo hilo lina mvuto, na bado linachunguzwa kwa njia mbalimbali. Lakini maelezo ya kwanza yanapaswa kuwa rahisi zaidi. Ugonjwa usiotafutwa hauonekani. Palipokosekana kipimo cha homoni, wagonjwa waliohesabiwa ni wale tu waliokuwa na macho yaliyotokeza kiasi cha kumshtua daktari, na waliobaki waliandikwa homa, upungufu wa damu, woga, au hawakuandikwa popote kwa sababu walienda kwa mganga kutibiwa mapepo.

Aliyetaka kuutafuta alikuwa na nyenzo za bei nafuu. Mgonjwa hunyoosha mikono mbele, vidole vimetanuliwa, na karatasi huwekwa juu yake. Mkono wenye afya huibeba karatasi ikatulia. Wa mgonjwa wa Graves hufanya kingo za karatasi zicheze haraka haraka, kama jani lililoguswa na upepo ambao hakuna mwingine anayeuhisi. Kiganja chake ni cha moto na chenye unyevu, tofauti na kiganja cha mtu mwenye wasiwasi, ambacho hutoa jasho lakini ni baridi. Stethoskopu ikiwekwa juu ya tezi husikika mvumo wa damu inayopita kwa wingi. Kipimo kilichoaminiwa kuliko vyote kilifanywa na muuguzi wa zamu ya usiku: kuhesabu mapigo ya moyo mgonjwa akiwa amelala. Moyo wa mwenye woga hutulia usingizini. Wa Graves unaendelea kwenda mbio. Ilipofika 1959 madaktari wa hospitali kubwa za Uingereza walikuwa wameziwekea alama dalili hizi ili zijumlishwe kama hesabu, na njia hiyo ilifaa zaidi mahali pasipo na maabara kuliko kule ilikotungwa.

Matibabu yalifika bara kwa mpangilio ule ule yaliyogunduliwa nao, ila kwa kuchelewa. Ya kwanza yalikuwa maji ya iodini ya Lugol, mchanganyiko uliotungwa na Mfaransa Jean Lugol 1829 kwa ajili ya maradhi mengine. Mwaka 1923 Henry Plummer wa Kliniki ya Mayo, Marekani, alionyesha kwamba matone machache kwa siku kadhaa kabla ya operesheni huifunga tezi kwa muda na kupunguza vifo. Jambo hili linachanganya hata wanafunzi wa tiba: iodini ile ile inayoweza kuwasha moto wa tezi, kwa dozi kubwa na kwa muda mfupi huuzima. Dirisha lake ni la siku 10 hivi, kisha tezi huanza kuizoea. Daktari wa misheni aliyepanga operesheni alilazimika kuhesabu siku hizo, na mvua ikikata barabara au etha ya kumlaza mgonjwa ikichelewa, hesabu iliharibika.

Kisu chenyewe kilikuwa cha mtindo wa Kocher. Hatari zake hazikubadilika kutoka Bern mpaka Afrika: damu nyingi, neva ya sauti inayopita nyuma ya tezi, na vitezi vidogo vinne vya kudhibiti kalsiamu ambavyo macho yasiyozoea huvidhania mafuta. Neva ikikatwa mgonjwa hupona moyo akabaki na sauti ya kukwaruza. Vitezi vikiondolewa, siku ya pili vidole hujikunja na kukakamaa. Ndiyo maana kwenye hospitali nyingi za vijijini madaktari walipendelea kuondoa marovu makubwa yanayobana njia ya hewa, na kuiogopa tezi ya Graves, ambayo ni laini, imejaa damu, na mwenye nayo anaweza kupatwa na dhoruba ya homoni akiwa mezani: joto kupanda, moyo kupoteza mpangilio, na kifo.

Vidonge ndivyo vilivyobadilisha hali. Mwaka 1943 Edwin Astwood wa Boston alieleza jinsi kemikali za jamii ya tiourea zinavyoizuia tezi kutengeneza homoni. Zikafuata propiltiourasili na, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kabimazoli kutoka Uingereza. Kabimazoli ndiyo iliyozoeleka Tanganyika na Kenya, urithi wa kawaida wa maduka ya dawa ya Kiingereza, ingawa walioiendesha hospitali ya Ifakara walikuwa Waswisi. Katikati ya miaka ya 1960 ikaja propranololi, ambayo haiigusi tezi sana bali huutuliza moyo na mikono ndani ya saa chache, mgonjwa akapata nafuu wakati kabimazoli ikifanya kazi yake ya polepole. Mwaka 1941 Saul Hertz, naye wa Boston, alikuwa ameanza kuwapa wagonjwa iodini yenye mionzi. Tezi huimeza ikidhani ni chakula chake, na mionzi huichoma kutoka ndani. Chanzo cha ugonjwa kilijulikana mwisho. Mwaka 1956 Duncan Adams na Herbert Purves wa New Zealand walikuta kwenye damu ya wagonjwa kitu kilichoichochea tezi kwa muda mrefu kuliko TSH, na baadaye kitu hicho kikathibitika kuwa kingamwili.

Mabadiliko makubwa zaidi kwa shingo za Watanzania hayakutoka hospitalini. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilianzishwa 1973, na uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba karibu robo ya wananchi walikuwa na rovu, na katika vijiji vya Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma ilikuwa zaidi ya nusu. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 wilaya 27 zilizoathirika zaidi zilianza kupewa kapsuli za mafuta yenye iodini. Kapsuli zilimezwa chini ya usimamizi, shuleni na kwenye mikusanyiko ya kijiji, na dozi moja ilitarajiwa kumtosha mtu kwa miaka 2 hivi. Mpango huo ulikuwa wa muda. Jibu la kudumu lilikuwa la Bayard na Eggenberger, na katikati ya miaka ya 1990 kanuni za serikali zilitaka chumvi ya mezani iwe na madini joto. Utafiti wa kitaifa wa 2004 kwa wanafunzi wa shule za msingi ulikuta rovu kwa asilimia 7 hivi, na zaidi ya kaya 8 kati ya 10 zikiwa na chumvi iliyotiwa madini hayo.

Maafisa afya waliipima chumvi hiyo kwa chupa ndogo ya maji ya wanga. Tone moja likidondoshwa juu ya chumvi yenye madini joto, chumvi hubadilika kuwa ya zambarau iliyokolea, na rangi inavyozidi ndivyo madini yalivyo mengi. Chumvi isiyo nayo hubaki nyeupe. Watu huelewa kipimo hiki bila maelezo. Kinachohitaji maelezo ni kwa nini chumvi iliyotoka kiwandani ikiwa nzuri hufika jikoni ikiwa dhaifu: gunia lililoachwa wazi juani na kwenye unyevu wa sokoni, chumvi inayopimwa kwa kopo kutoka kwenye beseni, na ile ya mawe iliyonunuliwa kwa ajili ya ngozi au samaki ambayo haikuchanganywa kitu lakini huishia mchuzini.

Kisha historia ya Geneva ikajirudia. Katikati ya miaka ya 1990 madaktari wa Zimbabwe na wa Kivu, mashariki mwa Kongo, waliripoti ongezeko la wagonjwa wenye moyo wa mbio na kukonda muda mfupi baada ya chumvi yenye iodini kuingia sokoni, na baadhi walikufa. Wataalamu huiita hali hiyo kwa jina la Kijerumani lililomrudisha daktari wa Merseburg, yaani Jod-Basedow. Marovu ya miaka mingi huwa na vinundu vilivyojitenga na amri ya ubongo. Vikiwa na njaa ya iodini havidhuru. Vikishibishwa ghafla hutoa homoni bila kipimo. Waathirika wengi ni wazee wenye marovu ya zamani. Uchunguzi uliofanywa katika nchi 7 za Afrika, Tanzania ikiwamo, ulisababisha kiwango cha iodini kwenye chumvi kutazamwa upya, lakini hakuna aliyesema chumvi iachwe, kwa kuwa hasara ya watoto wanaozaliwa wamedumaa ni kubwa kuliko ya wazee wachache wanaohitaji kabimazoli.

Jod-Basedow si Graves, ingawa mgonjwa mwenyewe hawezi kuzitofautisha. Moja ni vinundu vilivyoshiba, nyingine ni kingamwili. Lakini chumvi iliyafanya yote mawili yaonekane. Palipo na upungufu mkubwa wa iodini, hata tezi inayosukumwa na kingamwili haina malighafi ya kutengenezea homoni nyingi, na ugonjwa unabaki umefichwa. Malighafi ikipatikana, ugonjwa hujitokeza. Duniani kote, nchi zenye iodini ya kutosha huuona Graves kuwa sababu ya kwanza ya thairoidi kuzidi kasi, wakati nchi zenye upungufu huona zaidi vinundu vya wazee. Kwa jinsi hiyo chumvi ilibadilisha uso wa maradhi: marovu makubwa ya bibi yalipungua, na wajukuu wenye shingo za kawaida wakaanza kufika hospitalini na mioyo ya mbio.

Walifika wakati mbaya. Miaka ya 1980 na 1990 mtu aliyekonda huku akitoka jasho usiku na kuharisha alikuwa ameshahukumiwa na majirani kabla ya kupimwa, kwa sababu UKIMWI ulikuwa na dalili hizo hizo. Kliniki ya magonjwa sugu ya Ifakara, iliyoanza 2004 na kuwa miongoni mwa za kwanza vijijini nchini kutoa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, ilisaidia kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Kipimo kilipokuwa cha kila mtu, aliyekonda na majibu yakatoka hana virusi alihitaji maelezo mengine, na thairoidi ni mojawapo ya maelezo hayo.

Malaria nayo ilileta tatizo lake, na hili ni la hatari zaidi kwa sababu linatokana na tiba. Kabimazoli, kwa mgonjwa mmoja mmoja, chini ya 1 katika 100, huzima utengenezaji wa chembe nyeupe za damu. Dalili yake ya kwanza ni homa na koo kuuma. Ulaya mgonjwa huambiwa aache dawa siku hiyo hiyo na apimwe damu. Kilombero homa ina jina moja tayari. Mgonjwa wa Graves mwenye homa hununua dawa ya malaria dukani, anaendelea na kabimazoli, na chembe nyeupe zinaendelea kushuka mpaka uambukizi mdogo wa koo unageuka kuwa sumu ya damu. Kipimo cha haraka cha malaria, ambacho sasa hufanyika hata kwenye zahanati, kimepunguza kishawishi hicho kwa sehemu, maana kinaweza kuonyesha kwamba homa si ya malaria. Ila hakisemi ni ya nini, na kinachoamua ni kama aliyetoa dawa alimweleza mgonjwa maneno hayo machache kuhusu koo.

Leo mtu wa Kibaoni mwenye dalili hizi huanzia kwenye kituo cha afya cha kata na kupewa rufaa ya Mtakatifu Fransisko, ambayo sasa ni hospitali ya rufaa na ina chuo kikuu kishiriki cha afya pembeni yake. Kipimo kikuu ni cha damu. TSH ikiwa imeshuka karibu na sifuri na homoni za thairoidi zimepanda, jibu limepatikana. Kingamwili hupimwa pale inapowezekana, na macho yaliyotokeza hufanya kazi hiyo pale isipowezekana. Tiba huanza kwa kabimazoli pamoja na propranololi, hupunguzwa kadiri damu inavyotulia, na huendelea kwa mwaka 1 hadi mwaka 1 na nusu. Karibu nusu ya wanaomaliza hupona wasirudi. Waliobaki ugonjwa huwarudia. Mjamzito hubadilishiwa propiltiourasili katika miezi 3 ya mwanzo, kwa sababu kabimazoli inaweza kumdhuru mtoto anayeumbika. Mvutaji sigara huambiwa aache, kwa kuwa moshi huyaharibu macho ya Graves kuliko chochote kingine kinachoweza kuzuiwa.

Ambaye vidonge vimeshindwa hupelekwa kwa kisu au kwa mionzi, na mionzi haipo bondeni. Hutolewa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400, kwenye Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, ndani ya majengo ya hospitali ya Wajerumani ya mwishoni mwa karne ya 19. Mgonjwa humeza iodini yenye mionzi mara moja, kisha kwa siku kadhaa hukaa mbali na watoto na wajawazito na kulala kitanda chake peke yake, jambo gumu kupanga kwenye nyumba ya vyumba viwili. Wiki na miezi inayofuata tezi hunywea na moyo hutulia. Mara nyingi tezi hunywea kupita kiasi, na mgonjwa huanza kupata yale Kocher aliyoyaona 1883: uzito, usingizi, baridi, uso kujaa. Safari hii yana dawa. Ni kidonge kimoja cha levothairoksini kila alfajiri kwa maisha yote, kwa maji matupu, nusu saa kabla ya chai.